Wacheni Selfi Kwa Geti ya Kiwanda cha Chipu

Leo nakosana na watu. Sawa tu.

Kila wiki lazima nipatane na ile posti. Mtu amesimama kwa geti ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, pale barabara ya kwenda Mweiga, ameinua kidole gumba, na chini ameandika ati Nyeri ndiyo Silicon Valley ya Afrika. Moto, moto, bendera ya Kenya. Juzi niliingia inbox ya mmoja wao nikamuuliza, buda, unajua chipu huandikwa kwa lugha gani? Akanijibu, "Kwani chipu huandikwa?"

Ndiyo. Huandikwa. Na kama hujui hivyo, hiyo picha ya geti haina tofauti na kupigwa picha kando ya ndege ukiwa huna tiketi.

Kabla mniitie polisi wa uzalendo: kiwanda kiko na ni cha kweli. Semiconductor Technologies Limited, STL kwa ufupi, iko ndani ya ile kampasi. Rais Uhuru Kenyatta alikuja kuifungua 2021. Mei 2024, Rais Ruto akiwa Washington kwa ziara ya kiserikali, Marekani ikasema Kenya itakuwa nchi ya kwanza Afrika kushirikiana nayo kupitia ule mfuko wa kimataifa uliotokana na sheria yao ya chipu ya 2022. Sina ubaya na STL hata kidogo. Watu waliothubutu kujenga chumba kisichotakiwa kuwa na chembe ya vumbi, katikati ya mashamba ya kahawa, wanastahili heshima zao. Ubaya wangu ni na sisi wengine tunaosubiri nje.

Maana kuna kazi mbili hapa na watu wanazichanganya. Kuna kubuni chipu na kuna kuitengeneza. Fikiria kitabu. Kuna anayeandika na kuna mwenye mtambo wa kuchapisha. Nvidia, ile kampuni kila mtu anaitaja siku hizi, haina kiwanda chake cha kutengeneza chipu. Inabuni, halafu TSMC ya Taiwan inatengeneza. Arm ya Cambridge, Uingereza, ilikua kubwa kwa kuuza michoro ya ubunifu, na wewe unayesoma hii kwa simu karibu hakika unatumia kazi yao sasa hivi. Pesa nzito iko kwa wanaoandika. Sisi tumepata mtambo wa kuchapisha pale Nyeri, tukapiga makofi, na hakuna mtu alirudi nyumbani kujifunza kuandika.

Lugha zenyewe si siri. Kubwa ni mbili, Verilog na VHDL, lugha za kueleza maunzi. Zilizaliwa miaka ya 1980 kwa sababu saketi zilikuwa zimekuwa kubwa kuliko mtu anavyoweza kuchora kwa mkono. VHDL ilitokana na wizara ya ulinzi ya Marekani na ikawa kiwango cha IEEE mwaka 1987. Verilog ilitoka kwa kampuni ndogo iliyoitwa Gateway Design Automation na ikakubaliwa na IEEE mwaka 1995. Yaani hizi kitu ni za zamani kuniliko, na bado kuna mtu amemaliza digrii ya umeme mlima huu bila kuandika hata mistari ishirini.

Na msiseme ni kama Python tu. Hapo ndipo wengi wanaanguka. Python ni kupika githeri: chemsha mahindi, weka maharagwe, kaanga kitunguu, hatua kwa hatua. Verilog ni soko la Karatina siku ya soko. Mama wa viazi anauza, kijana wa mkokoteni anapiga kelele, manamba anaita abiria, wote kwa wakati mmoja, na hakuna anayengoja mwingine amalize. Kila mstari ni waya ama ni geti, na umeme haupangi foleni. Ukiandika a ipokee b, na b ipokee a, kwa ile alama ya mshale, zinabadilishana nafasi kwa mpigo mmoja wa saa. Kwa lugha ya kawaida ungehitaji kikombe cha tatu cha kushikilia. Mara ya kwanza niliona hiyo nikasimama nikazunguka chumba.

Sasa niwaambie nilivyofika hapo, kwa sababu hasira yangu ina historia.

Nilisoma saketi za kidijitali kwa chuo ambacho sitakitaja, msiniulize kwa komenti. Muhula mzima tulichora jedwali za ukweli na ramani za Karnaugh kwa ubao. Maabara tulikuwa wanane kwa bredibodi moja. Zile chipu ndogo za 7408, geti za AND, nusu zilikuwa zimekufa na hakuna mtu alijua ni zipi, kwa hivyo saketi ikikataa hujui kama umekosea wewe ama umepewa maiti. Watu wawili wanashika waya, sita wanaangalia, na ripoti ni moja, mnanakili. Nilipita ule mtihani. Nilipita vizuri hata. Na sikuwa nimejenga kitu.

Tulipouliza kuhusu Verilog tulijibiwa kwamba vifaa hakuna. Bodi za FPGA ni ghali, leseni za programu ni ghali, mtajua mbele ya safari.

Nikaenda likizo kwa Cucu, huko Tetu, na laptopu ya mtumba yenye RAM ya 4GB na betri iliyokufa kitambo. Usiku mmoja nikatafuta mwenyewe. Nikapata Icarus Verilog. Ni bure. Inashuka kwa bando dogo kuliko lile unachoma kwa TikTok jioni moja. Nikapata GTKWave ya kutazama mawimbi. Hiyo pia bure. Kabla ya saa sita usiku nilikuwa na kihesabu cha biti nne kinahesabu sifuri mpaka kumi na tano kwa kioo changu, bila bredibodi, bila kupigania waya na mtu. Nilifurahi kama dakika kumi. Halafu nikakasirika, na sijapoa mpaka leo. Muhula mzima. Vifaa hakuna, nao walikuwa na chumba kizima cha kompyuta kando ya ile maabara.

Kitu cha kwanza cha maana nilijaribu ilikuwa ATM ya maziwa. Mnaijua, kila mji hapa kwetu iko nayo, Nyeri, Karatina, Nanyuki, mpaka stage ndogo. Unalipa, unaweka chupa, inamimina, inaacha. Ubongo wa hiyo mashine ni saketi yenye hali tatu: subiri, mimina, maliza. Kuna kihesabu kinachopunguza mililita kadiri kipima mtiririko kinavyotuma mipigo, na kikifika sifuri vali inafunga. Mistari kama sitini. Kisha nikaandika testibenchi. Hiyo ni faili ya pili, haiwi sehemu ya chipu. Kazi yake ni kuigiza dunia. Inajifanya mteja, inabonyeza vitufe, inatuma mipigo, halafu inaangalia kama saketi yako imejibu vizuri. Ikawa sawa. Kila kitu kijani.

Nikamwonyesha Cucu, kwa majivuno. Cucu amepima maziwa kwa kikombe maisha yake yote. Akatazama mawimbi kwa kioo, akauliza, "Hivi ni vilima vya wapi?"

"Hii ni maziwa, Cucu. Hapa mteja amelipa. Hapa yanamwagika. Hapa yameacha."

Akanyamaza kidogo. "Na stima ikipotea yakiwa yanamwagika?"

"Vali inajifunga, Cucu."

"Na ikirudi? Itakumbuka ilikuwa wapi, ama itaanza tu kumwaga?"

Hapo nikakosa jibu. Kwa sababu ndani ya testibenchi yangu nilikuwa nimeweka hali iwe sifuri mwanzoni, kwa mkono wangu. Nilikuwa naigiza dunia ambayo stima ikirudi, inarudi na adabu. Nikaufuta huo mstari mmoja nikairudisha mbio tena. GTKWave ikajaa X nyekundu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

X kwa Verilog maana yake ni kwamba hakuna anayejua. Si sifuri, si moja. Rejista ambayo haijaambiwa ianze wapi inaanza na X, na kwa sababu sikuwa nimeandika waya wa kuirudisha mwanzo, wala ule mstari wa kushika hali isiyotambulika, ilibaki hapo milele. Sasa sikia hii vizuri: ningejenga hiyo saketi kwa chipu za kweli, hakungekuwa na X ya kuniogopesha. Kwa chipu ya kweli rejista ikipata stima huamkia popote, leo sifuri, kesho moja. Ningeijaribu mara tano ikubali zote tano. Ningeipeleka stage. Halafu jioni moja umeme unapotea, unarudi, na mtu anakuta lita arobaini za maziwa kwa sakafu.

Mistari minne ikarekebisha. Cucu akauliza pia, "Na pesa ya yule alikuwa amelipa?" Hilo bado sijalimaliza. Linataka kumbukumbu isiyosahau umeme ukikatika, na huo ni mjadala wa siku nyingine. Lakini mnaona? Mama wa miaka sabini na kitu, hajawahi kugusa laptopu, ameuliza maswali mawili ambayo mhandisi wa uhakiki hulipwa mshahara kuuliza. Yaani akili tunayo. Kile tumenyimwa ni mahali pa kuiweka.

Kuna msee hunijia kila nikisema hivi: simulesheni ni mchezo wa kompyuta, kazi ni kushika kitu kwa mkono. Ndugu yangu, wenye kushika kwa mkono ndio huogopa zaidi. Chipu ikishatengenezwa huwezi kuirekebisha kama app, ati utatuma toleo jipya kesho asubuhi. Intel walijua hilo 1994. Profesa mmoja wa hesabu kule Virginia, Thomas Nicely, aligundua Pentium inakosea kugawanya namba fulani. Ndani ya chipu kulikuwa na jedwali la nafasi 1,066, na tano zilikuwa zimeachwa bila thamani zinazotakiwa. Nafasi tano. Bili ikaja dola milioni 475. Tangu hapo hakuna mtu mzima kwa hii biashara huita kuhakiki mchezo. Kwa kampuni za chipu, kuthibitisha kwamba ubunifu hauna makosa hula muda mwingi kuliko kuubuni, na watu wanaandikwa kazi hiyo tu, asubuhi mpaka jioni: kutafuta X nyekundu za wengine.

Na hiyo kazi haihitaji uvae lile joho jeupe la kiwandani. Inahitaji kompyuta na kichwa chenye shaka.

Mwingine ataniambia kuna AI sasa, inakuandikia Verilog yote. Kweli, inaandika. Niliiambia iniandikie ile ya maziwa nione. Ilitoa kitu safi sana, maelezo kila mstari, na ilikuwa inasoma kitufe moja kwa moja bila kukingoja kitulie, kwa hivyo mteja akibonyeza mara moja mashine inaweza kuhesabu mara tatu. Nilijuaje? Testibenchi. Kama hujui kuandika testibenchi, AI inakufanya ukosee haraka na kwa mwandiko mzuri.

Turudi kwa hii hadithi ya vifaa hakuna, kwa sababu ndiyo inaniudhi kuliko zote.

Miaka kumi iliyopita ningeikubali nusu. Programu kubwa za Synopsys, Cadence na Siemens ni za kampuni zenye pesa, sibishi, na hata zile za bure za watengenezaji wa FPGA hushuka kwa makumi ya gigabaiti. Jaribu hiyo na Wi-Fi ya hosteli. Lakini leo? Icarus iko. Verilator iko, na hiyo hata makampuni makubwa hutumia. Kwa VHDL kuna GHDL. Yosys inabadilisha maandishi yako kuwa geti halisi. Huna laptopu kabisa? Ingia saiba, fungua EDA Playground, andika ndani ya kivinjari. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani wakaachilia wazi kanuni za kutengenezea chipu za nanomita 130, kitu ambacho zamani husomi bila kusaini makaratasi ya siri. Na tangu 2022 kuna Tiny Tapeout, ambapo watu wengi wanagawana chipu moja, kila mtu kakipande kake, na unatumiwa chipu yenye kazi yako ndani kwa gharama inayokaribia simu ya kawaida. Sitawadanganya kwamba njia ni laini: Efabless, kampuni iliyokuwa ikishughulikia hayo maombi, ilifunga 2025, na watu ikabidi watafute viwanda vingine. Walitafuta wakapata. Mwanafunzi wa sekondari Ulaya ana chipu yake kwa dawati. Sisi tuko na geti.

Najua walimu wengi wana mzigo. Madarasa yamejaa, mishahara inachelewa, na wao wenyewe walifundishwa hivyo hivyo kwa ubao. Nawaelewa, na bado sikubali. Kuweka Icarus kwa kompyuta za maabara ni kazi ya Jumamosi moja. Wiki ya kwanza ya muhula mwanafunzi aone wimbi. Na CAT ibadilike: acheni kuniuliza nichore kihesabu ambacho kimechorwa kwa kila kitabu tangu 1975, nipeni saketi iliyo na kosa mmelificha makusudi na mniambie niandike testibenchi ya kulikamata. Hiyo hainakiliki kwa jirani.

Wanasiasa nao. Sisi ndio kizazi kiliahidiwa laptopu za darasa la kwanza 2013, kwa hivyo mkija na neno "teknolojia" tunawasikia na sikio moja. Msituletee mabango. Lipieni nafasi kwa hizo chipu za kugawana, kila mwaka, kwa wanafunzi wa Dedan Kimathi, Karatina, Kirinyaga, Embu, Chuka, Meru, Murang'a, na msisahau Nyeri National Polytechnic, kwa sababu huko ndiko kuna watoto wanaojua kushika soda na multimita. Gharama yake ni ndogo kuliko hema na viti vya uzinduzi mmoja.

Kuhusu ajira, sitasema uongo ndio nipate like. Ukijua Verilog leo hutapata kazi kesho Kimathi Way. Nimetafuta, najua. Nafasi za hapa ni chache, na za mtandaoni zinashindaniwa na vijana wa Bengaluru ambao wameandika hii kitu tangu mwaka wa kwanza. Ila fikiria upande wa pili. Siku hicho kiwanda kitapanuka, na kitataka wabunifu, wataangalia nani yuko tayari. Wasipopata mtu hapa mlimani wataleta kutoka kwingine, na hawatakuwa wamekosea. Sisi tutakuwa walinzi, madereva, na watu wa kupika chai. Halafu tutaandika posti za kulia ati kazi zetu zimechukuliwa. Mimi hiyo posti sitailike, nawaambia mapema.

Kwa hivyo leo jioni, stima ikiwa iko, weka Icarus na GTKWave. Andika kihesabu cha biti nne. Usikipe waya wa kukirudisha mwanzo, makusudi. Kiendeshe, ufungue mawimbi, uone X zikijaa kioo. Halafu kaa nazo mpaka uelewe kwa nini ziko hapo, ndipo uzitoe.

Watu watano wa kwanza kunitumia hiyo picha, kabla na baada, nawalipia chai na mandazi Jumamosi karibu na stage ya Nyeri, na nitakuja na laptopu tufanye ile ya maziwa pamoja, tuone kama kuna mtu atamjibu Cucu swali lake la pesa. Picha za geti msinitumie.